Baiskeli ya mizigo ya umeme ya mtaa imegoma: uanze kuangalia wapi

Hii ni kwa wenzangu wanaolea baiskeli za mizigo za kuazimisha, na kwa nyie mnaoazima, sanasana Waswahili wa hapa Ujerumani, maana siku hizi miji mingi ina kikundi kinachoazimisha bure na watu wetu tunazitumia kwelikweli, kubebea manunuzi ya wiki, masufuria ya shughuli, watoto wawili asubuhi kwenda chekechea. Ambaye hajawahi kuiona, ni baiskeli yenye boksi kubwa mbele au keria ndefu nyuma, ina mota ndogo inayokusaidia ukikanyaga. Huu mtindo wa bure ulipata nguvu Köln mwaka 2013, kikundi kinaitwa wielebenwir kilianza na baiskeli moja wakaipa jina Kasimir, na programu yao ya kubuku, CommonsBooking, wakaiachia bure na vikundi vingi vikaichukua. Berlin tuna fLotte ya chama cha waendesha baiskeli ADFC, ilianza 2018.

Sasa, baiskeli yako mwenyewe ikigoma unajua jana uliifanyia nini. Ya mtaa hujui. Leo ilikuwa na mama wa watoto watatu, jana ilikuwa na mtu anahama nyumba kapakia mashine ya kufulia, juzi ililala nje mvua ikainyeshea. Kwa hiyo swali la kwanza sio "kimeharibika nini", swali la kwanza ni "aliyeirudisha aliiachaje". Nyingi zinazoitwa mbovu zinakuwa na betri haijakaa sawa, tairi halina upepo, au ufunguo umeenda nyumbani kwa mtu, na kikundi kinamlipa fundi kwa kitu ambacho mlezi angekimaliza pale pale. Hela yenyewe ni ya michango. Ndo maana nimepanga hapa kwa malalamiko jinsi watu wanavyoyatuma kwenye simu.

"Kaka nimebonyeza, haiwaki kabisa"

Pole dada, usibonyeze tena cha kwenye usukani, nenda kwenye betri yenyewe. Betri nyingi zina kitufe chake na vitaa pembeni, za Bosch vitaa ni vitano, kila kimoja ni kama asilimia 20. Bonyeza hicho halafu niambie unaona nini, maana hapo njia zinagawanyika.

Vitaa vinawaka lakini skrini ni giza: betri haijaingia vizuri, na hii ndo inayonipigisha simu kuliko zote. Ichomoe, tazama pini za kwenye betri na za kwenye fremu. Utakuta mchanga, kipande cha jani, tone la maji, au ile kutu ya kijani. Futa kwa kitambaa kikavu, usipake mafuta ya cheni humo na usikwangue na bisibisi, halafu irudishe uisukume mpaka usikie imebana, sio mpaka uone kama imebana, maana kwa macho inaonekana imekaa na kumbe imebaki milimita mbili tatu nje na kwenye tuta la kwanza umeme unakatika. Kama bado giza, angalia skrini yenyewe, kuna zinazochomoka na mtu mwema kaitoa isiibiwe, kaiweka kwenye mfuko wa koti, kaondoka nayo.

Hamna kitaa hata kimoja: imeisha, au imelala. Betri ikikaa muda mrefu haijaguswa inajizima kujilinda, ukiichomeka kwenye chaja dakika chache inaamka. Hakikisha chaja ni yake. Kituo, yaani pale baiskeli inapochukuliwa na kurudishwa, kikiwa na baiskeli mbili tatu kina chaja zinazofanana sura, moja ya volti 36 nyingine ya 48, na plagi kuingia haimaanishi ni sahihi. Mimi nafunga utepe wa rangi kwenye betri, chaja na fremu, nyekundu kwa nyekundu, na nawaomba sana vituo vyote mfanye hivyo leo, ni kazi ndogo na inaokoa betri ambayo bei yake ni mamia ya euro.

Na kama imechajiwa usiku kucha na asubuhi haina kitu, kabla hujaitukana betri jaribu soketi kwa chaja ya simu yako. Vituo vyetu vingi ni mikahawa, maduka, maktaba, na sehemu kama hizo mara nyingi swichi moja kubwa inazimwa wakifunga. Betri imechomekwa vizuri kabisa na haijala kitu. Muulize mwenye duka, omba soketi isiyozimwa, na kama hamna basi chaji mchana watu wakiwepo, ambayo hata kwa usalama ni bora, nitaifikia hiyo.

"Inawaka lakini haisukumi"

Skrini iko hai, taa ya mbele inawaka, ukikanyaga ni wewe na miguu yako tu, na chuma cha kilo 50 na ushee. Fuata mpangilio huu.

Angalia kiwango cha msaada kwanza, aliyekutangulia huenda alikiweka kwenye zima ili abane betri. Kiongeze, jaribu.

Kama bado, zima kabisa, shuka, simama pembeni, washa ukiwa hujakanyaga pedali. Mota nyingi za katikati, zile zilizo pale pedali zinapofungwa, zina sensa inayopima nguvu ya mguu, na sensa hiyo inajipima upya wakati wa kuwasha. Sasa ukiwa umeshakaa, mguu mmoja uko juu ya pedali unasubiri kuondoka, inachukua ule uzito kama ndo sifuri yake, matokeo yake inakuwa kama haikusikii. Kwenye mifumo ya Shimano inakuandikia W013. Nimeona watu wameipeleka gereji kwa hii, na dawa yake ni kuzima, kutoa mguu, kuwasha tena.

Kama inasukuma kidogo halafu inaacha na skrini inaleta namba, piga picha ya namba kabla hujazima. Kwenye Bosch 503 ni sensa ya mwendo. Inama kwenye gurudumu la nyuma: kuna sumaku ndogo imefungwa kwenye spoku, na kwenye fremu pembeni yake kuna sensa, gurudumu likizunguka sumaku inapita mbele ya sensa na mfumo unahesabu. Mtu akipitisha mkanda wa mzigo kwenye spoku, au akiegemeza baiskeli nyingine pale, sumaku inazunguka inaangalia upande mwingine au inashuka chini. Irudishe iangaliane na sensa, nafasi kati yake iwe milimita 5 hadi 17, kaza, zungusha gurudumu kwa mkono uone haigusi. Washa. Baiskeli zingine sumaku imefichwa kwenye valvu au kwenye diski ya breki, hizo mwachie fundi.

Halafu kuna lalamiko ambalo sio ugonjwa. "Inanisaidia vizuri, nikikolea inaniacha." Ndo sheria. Hapa na nchi zote za Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme ya kawaida mota yake ni mpaka wati 250, inasaidia ukiwa unakanyaga tu, na inaacha ukifika kilomita 25 kwa saa. Kitufe cha kusukumia ukiwa unatembea nacho kinakwenda mpaka kilomita 6. Kwa masharti hayo inahesabika ni baiskeli, haihitaji leseni wala namba. Ndugu zetu waliozoea pikipiki wanatafuta akseleta na hawaioni, wanadhani imeng'olewa. Na kuna mafundi wa mtaani watakwambia wanaweza kuifungua ikimbie 40. Ukikubali, mbele ya sheria hiyo sio baiskeli tena, ikigonga mtu bima ya kikundi inakataa na mzigo wote unakuangukia wewe. Tafadhali, kwenye baiskeli ya watu wote usiruhusu hilo hata kwa siku moja.

Mwisho hapa: mlima mrefu, mzigo mzito, gia nzito, mota inapata moto na kujipunguzia nguvu. Simama kivulini, teremsha gia, anza tena polepole.

"Betri inaisha njiani"

Hapa kila mtu anataka betri mpya. Tupige hesabu kwanza. Betri ya kawaida ina saa-wati 500 (Wh). Baiskeli ya mizigo ikiwa imepakia inakula kama saa-wati 10 mpaka 20 kwa kilomita, kutegemea mzigo, milima, upepo na kiwango cha msaada. Maana yake ni kilomita 25 mpaka 50. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kilomita 30 na watoto wawili kwenye kiwango cha juu kabisa, betri yake ni nzima, ila kikundi hakikumwambia ukweli wakati wa makabidhiano. Andikeni kwenye boksi, kwa herufi kubwa, kilomita ambazo hata mzee mwenye mzigo atafika, sio zile za kwenye tangazo la mtengenezaji.

Kama zimeshuka chini ya hapo kweli, gusa tairi. Upepo. Upepo. Upepo. Baiskeli ya kawaida tairi likilegea unasikia miguuni, ya umeme mota inakuficha, unaendelea kwenda huku betri inaliwa na pancha inakunyemelea. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa bar au psi. Kinachokwamisha watu ni valvu: zipo za aina tatu, ile ya gari, ile nyembamba ya Kifaransa yenye kinati juu unachofungua kwanza, na ya Dunlop ambayo Wajerumani bado wanaipenda na sisi tumekua nayo kwenye Phoenix nyumbani. Pampu ya kituo iwe na mdomo unaokubali zote, na ifungwe kwa waya ukutani maana pampu inapotea kuliko kitu chochote.

Baada ya upepo, nyanyua gurudumu moja moja uzungushe kwa mkono. Likisimama haraka au linalia shii shii, pedi za breki zinagusa.

Baridi nayo. Januari hapa betri iliyolala bandani inatoa kilomita pungufu, hilo halikwepeki, ila kuna jambo moja la kushika sana: usichaji betri ikiwa chini ya nyuzi 0. Lithiamu inaganda juu juu badala ya kuingia ndani ya seli, na uharibifu huo haurudi nyuma, ukirudiwarudiwa betri inakufa na inakuwa hatari. Ingiza ndani, iache ipate joto la chumba, ndo uchomeke. Na kama kituo kinafunga majira yote ya baridi, usiiache imejaa wala tupu, iache kati ya asilimia 30 na 60, sehemu kavu ya nyuzi 10 hadi 20.

"Inayumba, naogopa"

Ya magurudumu mawili inayumba mwanzoni kwa kila mtu kwa sababu gurudumu la mbele liko mbali na mikono yako, na dawa ni kuangalia mbali, sio kuangalia tairi, na kuanza bila mzigo. Ya magurudumu matatu haiyumbi ikisimama ila kwenye kona ya kasi inanyanyua gurudumu, punguza mwendo kabla ya kona na egemeza mwili kuelekea ndani. Mzigo mzito chini kabisa ya boksi, ufungwe. Watoto wakae kwenye siti zao wafungwe mikanda. Sheria ya hapa mwendeshaji awe na miaka 16 au zaidi, na siti za watoto ni kwa walio chini ya miaka 7, wakubwa zaidi ni kwenye baiskeli iliyotengenezwa kubeba watu. Usimkabidhi mtu mgeni baiskeli bila kumzungusha kwanza kwenye uwanja, hata kama foleni ipo, hata kama anasema anajua. Mara nyingi anayesema anajua anaijua baiskeli nyingine.

Lakini kama jana ilikuwa imetulia na leo inayumba, mtu yule yule, mzigo ule ule, hapo sio woga. Shika gurudumu la mbele kati ya miguu, zungusha usukani: kama usukani unasogea kabla gurudumu halijafuata, ile fimbo au waya unaounganisha umelegea. Isiende popote.

Halafu fremu. Chukua tochi ya simu, pita kwenye kila sehemu iliyochomelewa, sanasana pale boksi linapokutana na bomba la chini na pale bomba la usukani linapoingia. Unatafuta mstari mwembamba kwenye rangi, rangi iliyobanduka mkato, au kutu inayotoka kama uzi. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi, NVWA, ilisimamisha mauzo ya baiskeli za mizigo za Babboe kwa sababu ya fremu kuvunjika, na maelfu zikaitwa zirudishwe. Vikundi vya kuazimisha vinapokea sana baiskeli za mitumba na za msaada, kwa hiyo ukipewa yoyote, tafuta jina la modeli na namba ya fremu uangalie kama iko kwenye orodha ya kurudishwa kabla hujapandisha mtoto wa mtu humo. Sioni cha kujadili hapo, ukiona ufa unaifunga kufuli na unaiondoa kwenye kalenda siku hiyo hiyo.

"Breki zinalia"

Kama ni mpya au pedi ni mpya, zinahitaji kuzoeana na diski, funga breki taratibu kutoka mwendo wa wastani mara 30 hivi bila gurudumu kusimama kabisa na kuburuzika. Kama zilikuwa kimya na zimeanza kulia baada ya mtu mwema kupulizia mafuta ya cheni, mafuta yameingia kwenye diski, pedi hizo zimeshakufa, badilisha na usafishe diski kwa spiriti. Mkono wa breki ukifika mpaka kwenye usukani, usiazimishe.

"Nimefika, ufunguo haupo"

Hapa ndo panapoua vikundi. Mtu akikosa msaada wa mota atalalamika na kurudi, mtu aliyesimama nje ya mkahawa uliofungwa Jumamosi saa tatu asubuhi na kitanda chake kipya kinamsubiri upande wa pili wa mji hatarudi tena, na atawaambia wenzake.

Sababu ya kwanza ni kufuli lenyewe. Lile la duara la kwenye fremu linashikilia ufunguo likiwa wazi, kwa hiyo njia nzima ufunguo uko kwenye kufuli, ukifunga unautoa, na mkono wenyewe unaupeleka mfukoni. Umefika, umefunga, umeshukuru, umeondoka nao. Dawa ni ufunguo uwe mkubwa wa kukera: funga kwenye kipande cha mbao au mkanda mrefu wa rangi kali ambao hauingii mfukoni. Ufunguo wa akiba ukae kwa mtu wa pili anayeishi karibu, usikae kwenye droo ile ile ya ufunguo wa kwanza.

Sababu ya pili ni kalenda kutojua saa za duka. Sikukuu za hapa zinatofautiana jimbo hadi jimbo, mkahawa unafunga, kalenda inaendelea kutoa nafasi. Mlezi akae na mwenye duka kila mwezi, waandike siku za kufunga, wazizibe. Kama mnatumia kisanduku cha ukutani chenye namba, badilisheni namba mara kwa mara na mziandike kwenye ujumbe wa kila anayeazima, sio kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kufuli zinazofunguliwa kwa simu nazo betri yake inaisha na hakuna anayeikumbuka, iwekeni kwenye orodha ya ukaguzi.

Sababu ya tatu, mwenye kituo hajui amkabidhi nani. CommonsBooking inaweza kutoa neno la siri la kila siku, anayeazima analo kwenye ujumbe wake, kituo kinayo orodha, maneno yakifanana anapewa. Fundisheni hilo kwa kila mfanyakazi wa zamu, sio kwa meneja peke yake. Na tafadhali msishike vitambulisho vya watu rehani. Sheria ya vitambulisho ya Ujerumani inakataza kumtaka mtu aache kitambulisho chake cha taifa, na kwa watu wetu ambao karatasi yao ya ukaazi ni moja tu na wanatembea nayo kila siku, kuiacha kwenye droo ya mkahawa ni jambo zito mno. Angalia jina, andika, rudisha mkononi.

Kuna tatizo dada wa hili: kalenda imejaa, baiskeli imesimama. Watu wanabuku Jumamosi zote za mwezi, hawatokei. Wengi watakwambia wekeni amana ya hela. Mimi nakataa. Amana inamfukuza yule ambaye hana gari na hana hela ya teksi, ambaye ndo baiskeli iliwekwa kwa ajili yake, na yule mwenye hela anaona ni bei ndogo ya uzembe wake. Kinachosaidia ni kufunga idadi ya siku za kubuku mbele, kuweka kikomo cha siku mbili tatu kwa mtu mmoja, kutuma ujumbe wa kukumbusha siku moja kabla wenye kitufe cha kufuta, na kumpigia simu asiyetokea, kwa sauti ya ndugu, umuulize kulikoni. Wengi walisahau tu.

Pa kuilaza

Matatizo mengi niliyoandika juu, kutu ya pini, betri ya baridi, sumaku iliyogongwa, yanaanzia mahali baiskeli inapolala. Kwa hiyo kama unarekebisha kitu kile kile kila mwezi, acha baiskeli, kagua banda.

Banda halitoshi. Baiskeli ya mizigo ya magurudumu mawili inafika mita 2.5 na zaidi, ya matatu ina upana karibu na wa mlango wa kawaida, na haiwezi kuning'inizwa. Zile nyumba ndogo za baiskeli za mitaa ya Hamburg, zinazoingia baiskeli 12, ni nzuri sana kwa za kawaida na hazifai kwa hii. Kituo cha treni cha Utrecht chenye nafasi 12,500 kimetenga sehemu za baiskeli kubwa, na ndo tunachotakiwa kudai kwa halmashauri na kwa wenye nyumba: nafasi ya chini, bila ngazi, mlango mpana, na sehemu ya kugeuzia. Ukipima, pima na kona ya kuingilia. Mara nyingi mlango unatosha ila kona baada ya mlango haitoshi, basi watu wanaiacha nje, na umerudi mwanzo.

Majirani wanalalamika iko koridoni. Wana haki. Koridoni na ngazi ni njia ya kukimbilia moto ukitokea, na humo usichaji kabisa. Chaji sehemu yenye kengele ya moshi, juu ya sakafu isiyoungua, mbali na mlango wa kutokea, watu wakiwa macho. Betri iliyovimba, iliyodondoshwa, yenye harufu kama ya spiriti ya rangi au inayopata moto bila kazi, isirudi kwenye chaja wala kwenye baiskeli, toa nje mbali na ukuta, mpigie muuzaji. Ikianza kutoa moshi, toka wewe na wenzako, funga mlango, piga 112 uwaite zimamoto.

Kufuli lina mikwaruzo mipya. Usiseme bahati wameshindwa. Walikuja kupima, wanaweza kurudi na grainda, kwa hiyo ihamishe usiku huo huo. Halafu tazama mmeifunga vipi. Nyingi zinafungwa zenyewe kwa zenyewe, na kilo 50 watu wawili wanapakia kwenye gari dogo la mizigo bila jasho. Inatakiwa pete ya chuma iliyozikwa kwenye zege, mnyororo mnene upite kwenye fremu, sio kwenye gurudumu la mbele, na mnyororo usilale chini maana ukilala mwizi anapata sakafu ya kukandamizia mkasi wake. Betri ilale ndani. Namba ya fremu na picha viwe kwa watu wawili, na ichongwe alama, ADFC na polisi wa miji mingi wanafanya hiyo kazi. Kifaa cha kufuatilia ni kizuri ila vingi vinakula umeme wa betri kubwa, ukiitoa kwa wiki kadhaa kinabaki na kibetri chake kidogo kinakufa kimya. Na mkikiweka, waambieni wanaoazima, ni haki yao kujua.

Mlango wa banda la pamoja unakutwa wazi. Mara nyingi hakuna mwizi hapo, ni bawaba zisizojifunga na watu mikono imejaa. Wekeni inayojifunga yenyewe, na funguo ziandikwe nani anao.

Kila kitu kina kutu na turubai lipo. Turubai lililofika chini linafungia unyevu, liache wazi kwa chini, au tafuta paa tu lenye upepo.

Hakuna anayesema kilichoharibika

Mlezi anakuta taa imevunjika, watu kadhaa wameshapita, kila mmoja ameikuta hivyo. Wanaogopa kulipishwa, na wageni zaidi, maana hawajui bima ya kikundi inabeba nini, na fomu ni ya Kijerumani kurasa nne. Tafsirini, hata ukurasa mmoja wa Kiswahili, Kiarabu, Kituruki. Picha moja wakati wa kuchukua, moja wakati wa kurudisha, zinatumwa namba moja. Anayeripoti ashukuriwe kwanza, hesabu baadaye. Mtaani kwetu Wedding, hapa Berlin, karibu na Sansibarstraße na ile barabara waliyoipa jina la Maji-Maji mwaka 2024, Waswahili tupo, na tangu maelezo yawe kwa lugha tunayoongea nyumbani ripoti zinakuja zenyewe, na zinakuja mapema.

Ukilazimika kuitoa baiskeli kazini, usiandike tu "imeharibika". Huu ndo ujumbe ninaoutuma, uchukue ubadilishe unavyotaka:

"Habari ndugu, pole kwa usumbufu. Baiskeli uliyobuku kesho tumeisimamisha, usukani umelegea na hatutaki ikuumize wewe wala watoto. Fundi anakuja Alhamisi. Kituo cha pili kina nyingine, ipo wazi kesho saa nne hadi saa kumi, nimeshakuwekea, neno la siri liko chini. Betri yake inafika kama kilomita 25 ukiwa umepakia. Ukikwama nipigie, usitume ujumbe, naweza nisiuone kwa wakati."